Jinsi ya Kuanzisha Njia ya Miti Mikongwe: Mfano wa Bagamoyo

Kwenye eneo la misheni ya Wakatoliki Bagamoyo upo mbuyu ambao husemwa ulipandwa na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofika mwaka 1868. Shina lake limemeza mnyororo. Inasimuliwa kwamba Madame Chevalier, mama wa Kifaransa aliyekuwa akifanya kazi za huduma huko, alizoea kumfunga punda wake hapo, na mnamo 1895 mnyororo ukasahaulika. Mbuyu ukaendelea kunenepa, na leo ni kipande kifupi tu cha chuma kinachochungulia kwenye gome. Mgeni asiyeambiwa kitu akiutazama unene wake anaweza kukuapia kuwa una miaka mia tano. Kwa masimulizi hayo, haujafika hata mia mbili.

Mbuyu huo ndio sababu ya kuandika mwongozo huu kwa namna hii. Miji yetu mingi ya pwani ina miti ya kuwaonyesha watu, na siku hizi vikundi vya vijana, shule na kamati za utalii vinatamani kuweka njia ya kutembea mguu, mti hadi mti, yenye vibao na mtu wa kusimulia. Ni jambo jema na halihitaji mtaji mkubwa. Linaloharibu ni haraka: mti unapachikwa miaka elfu moja ambayo hakuna aliyeihesabu, kibao kinapigiliwa misumari kwenye shina, mwenye shamba anashtukia wageni mlangoni kwake. Natumia Bagamoyo kama mfano kwa sababu kila tatizo la kazi hii lipo pale. Wa Pangani, Kilwa, Lamu au Ujiji watabadilisha majina tu.

Hatua ya kwanza: zunguka na daftari

Mnatosha watu watatu: mmoja anayejulikana mitaani, mmoja anayeijua miti kwa majina, na mmoja mwenye mwandiko unaosomeka. Pita mahali ambapo shoka huwa halifiki kirahisi, yaani makaburini, kwenye viwanja vya misikiti na makanisa, mashuleni, kwenye maboma ya zamani, kandokando ya visima na kwenye mashamba ya minazi yaliyorithiwa. Hapo ndipo miti huzeeka. Kaole, kilomita chache kusini mwa mji, ni ushahidi mzuri: magofu ya msikiti unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13, makaburi ya minara, na mbuyu mkubwa katikati ya yote.

Usiishie kwenye mibuyu. Mbuyu una sura na kila mtu anataka kupiga nao picha, lakini njia ya mibuyu mitupu inachosha mapema. Tafuta mkwaju uliopo kwenye kona ya soko, msufi ambao pamba zake zilijaza mito ya mtaa mzima, mkungu wa ufukweni ambapo wavuvi wanashona nyavu, mzambarau wa shule ambao kila mwanafunzi wa zamani ana kovu lake. Kwenye barabara ya Mizingani, mjini Unguja, kuna mtini ambao watu wa mji wanauita hivyo tu, Mtini, na mafundi wa vyombo pamoja na wenye boti za kwenda visiwani wamekaa kivulini pake miaka nenda rudi. Mti wa namna hiyo, ulio na shughuli chini yake mpaka leo, una thamani kuliko mti mnene uliosimama peke yake porini.

Wazee watakuwa na habari nyingi, ila inategemea unavyouliza. Ukisema, "Shikamoo babu, mti huu una miaka mingapi?" utajibiwa, "Marahaba mjukuu wangu, huo mimi nimezaliwa nimeukuta," na mazungumzo yameishia hapo. Uliza kitu alichokiona kwa macho yake. "Ulipokuwa unakwenda chuoni, babu, kivuli chake kilikuwa kinafika wapi? Maembe yake alikuwa anayauza nani? Hili tawi lilikatwa lini, na kwa nini?" Hapo mzee atakutajia mwaka wa mafuriko, mwaka wa njaa, jina la mwalimu, na wewe utakuwa na kamba ya kushika. Wazee wawili wakipishana, andika kauli zote mbili na uweke alama ya nani kasema nini. Usiwapatanishe wewe.

Hatua ya pili: pima

Kwa kila mti andika jina la Kiswahili la hapo mahali, jina la kisayansi kama una mtu wa misitu wa kukuthibitishia, mahali ulipo kwa simu yenye GPS, mzingo wa shina, urefu wa kukadiria, na hali yake. Piga picha ya mti mzima ikiwa na mtu amesimama kando ya shina, bila mtu picha haisemi ukubwa.

Mzingo hupimwa kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini. Ndicho kimo kinachotumika karibu kila mahali, kwa hiyo vipimo vyako vitalinganishika na vya wengine. Kwa mwembe kazi ni ya dakika moja. Kwa mbuyu mkubwa unahitaji watu watatu, kwa sababu mita ikizungushwa na watu wawili huteleza chini upande wa nyuma bila mtu kuona, na kosa la kiganja kimoja nyuma huongeza kipimo bure. Mtu wa tatu azunguke akiinyanyua na kuilaza sawa. Tumia mita ndefu ya fundi, ile ya kitambaa au ya plastiki ya mita 30. Kamba ya katani hunywa maji na kubadilika urefu, hasa asubuhi yenye umande. Shina likiwa na kinundu au kiungo cha tawi penye mita 1.3, pima chini yake kidogo mahali palipo pembamba na uandike umepima wapi.

Urefu hauhitaji kifaa. Chukua kijiti chenye urefu sawa na umbali kutoka jichoni mwako hadi kwenye ngumi yako mkono ukiwa umenyooka. Kishike wima, rudi nyumanyuma kwenye ardhi tambarare mpaka ncha ya kijiti ilingane na kilele cha mti na ngumi ilingane na kitako chake. Umbali kati yako na mti sasa ni takriban urefu wa mti. Kwa njia ya watalii inatosha kabisa. Hutashindana na ule mkukusu wa bonde la Mrere, Kilimanjaro, uliotangazwa mwaka 2016 kuwa mti mrefu kuliko yote iliyopimwa Afrika, mita 81.5.

Hatua ya tatu: umri, na hapa usidanganye

Watu watauliza umri kabla hawajauliza jina. Na ndipo vibao vingi vinapoharibika.

Unene hauhesabu miaka. Mbuyu uliopandwa penye udongo mzuri na maji hunenepa haraka. Mwingine kwenye jabali la matumbawe hudumaa. Isitoshe, mbuyu mnene mara nyingi si shina moja. Utafiti wa Adrian Patrut na wenzake, uliotumia kipimo cha kaboni cha kujua umri, umeonyesha kuwa mibuyu mingi mikubwa ni mashina kadhaa yaliyoota pamoja na kuungana, na yale mapango ndani yake mara nyingine ni nafasi iliyobaki katikati ya mashina hayo tangu mwanzo, wala hayakuoza. Kuhesabu duara za ndani, kama wanavyofanya kwa misonobari ya nchi za baridi, kwa mbuyu kunakwama: duara ni hafifu na katikati mara nyingi hamna kitu. Miembe nayo katika pwani yenye masika na vuli haina duara za kuaminika.

Kipimo cha kaboni kipo, ila kinahitaji maabara na fedha, na kwa njia ya mtaa hakina ulazima. Ulicho nacho wewe ni vitu vitatu.

Cha kwanza ni maandishi. Misheni, makampuni na serikali za kikoloni waliandika sana. Njia ya miembe inayoingia misheni ya Bagamoyo, kwa mfano, inatajwa kuwa ilipandwa mwaka 1871, na umri huo unaweza kuusimamia mbele ya mtu yeyote. Cha pili ni picha za zamani. Makumbusho ya misheni yanazo, na maktaba za Ulaya zimeweka mtandaoni nyingi zilizopigwa pwani yetu karne ya 19. Tafuta jengo ambalo bado lipo, kama Boma au Ngome Kongwe, kisha tazama kama mti wako unaonekana kando yake. Ukionekana tayari ni mkubwa kwenye picha ya 1890, umepata kitu cha kuandika: "Ulikuwa mti mkubwa tayari mwaka 1890." Sentensi hiyo ni fupi, ni ya kweli, na inasisimua kuliko "zaidi ya miaka 1,000". Cha tatu ni asili ya mti wenyewe. Mkorosho umetoka Brazil na uliletwa na Wareno, kwa hiyo hakuna mkorosho wa pwani uliomtangulia Vasco da Gama. Mwembe ulitoka Asia. Ukiambiwa mkorosho fulani una miaka 700, umeshajua.

Masimulizi yasiyothibitika usiyatupe. Yaweke kama masimulizi. Wageni wa Kaole huambiwa kuwa ukiuzunguka ule mbuyu unajiongezea miaka ya kuishi, na karibu kila mtu huuzunguka huku akicheka, hata profesa. Waache wauzunguke. Kibao kiseme "inasimuliwa", basi. Kuwa mkali zaidi pale simulizi linapogusa vifo vya watu. Bagamoyo ina mnara wa kumbukumbu mahali ambapo Wajerumani waliwanyonga waliowapinga, na kwa sababu hiyo utasikia kila mwembe mkubwa wa mji ukisingiziwa kuwa wa kunyongea. Kama huna ushahidi wa mti huo hasa, usiutaje. Waliokufa wana wajukuu, na baadhi yao watapita kwenye njia yako.

Na kama unataka kumweleza mgeni kwa nini miti hii iangaliwe sasa, mpe habari hii: mwaka 2018 ilichapishwa taarifa kwamba kati ya mibuyu 13 mikongwe kuliko yote iliyopimwa Afrika, 9 ilikuwa imekufa au imeanguka kwa sehemu katika kipindi cha miaka 12 tu. Mmoja wao, Panke wa Zimbabwe, ulikadiriwa kuwa na miaka 2,450.

Hatua ya nne: chagua michache

Kutoka kwenye orodha ya miti arobaini, njia iwe na miti minane hadi kumi na miwili. Mtu wa kawaida kwenye jua la pwani anaweza kutembea kilomita tatu kwa furaha. Baada ya hapo anatafuta dafu. Bagamoyo inakubali vizuri: anzia Mji Mkongwe karibu na Ngome Kongwe, shuka ufukweni, panda kuelekea misheni, malizia kwenye mbuyu wa mnyororo. Kaole iwe tawi la peke yake, la baiskeli au bajaji. Ukiichomeka kwenye safari ya miguu utawapoteza watu njiani.

Kigezo changu cha kuchagua ni kimoja: mti unaweza kuzungumziwa kwa dakika tatu bila kurudia uliyosema kwenye mti uliopita? Ukiwa na miembe sita mizuri iliyofanana, chagua mmoja. Mwembe ubebe habari ya misafara, maana njia ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji iliota miembe kila walipokaa wafanyabiashara, na mistari ya miti hiyo bado inaonekana bara. Mkwaju ubebe habari ya jikoni. Mbuyu ubebe habari ya popo, kwa sababu maua yake meupe hufunguka jioni, popo walao matunda huyatembelea usiku, na kesho yake yameshaanguka. Ukipata msimu huo, panga matembezi ya magharibi. Watu watakuja wengi kuliko wa asubuhi.

Kuna miti ya kuiacha nje kwa makusudi. Penye tambiko, penye kitambaa cheupe kimefungwa, penye chetezo na ubani, uliza kwanza kama wenyewe wanataka wageni. Wakisema hapana, mti huo usiwekwe hata kwenye ramani. Makaya ya Wamijikenda kule Kenya, yaani maskani yao matakatifu ya msituni, yaliyoingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, yamebaki na misitu yake kwa sababu palikuwa na miiko na watu wa kuisimamia. Ramani yako isiwe ndiyo inayoivunja.

Hatua ya tano: ruhusa, na nani mwenye mti

Hapa ndipo vikundi vingi hukwama, na mara nyingi kwa haki. Pwani yetu mwenye ardhi na mwenye mti wanaweza kuwa watu wawili. Minazi, miembe na mikarafuu hurithiwa, huuzwa na kuwekwa rehani peke yake, na mtu akaendelea kumiliki mwembe kwenye kiwanja ambacho sasa ni cha mwingine. Kwa hiyo ukipata ruhusa ya mwenye kiwanja, uliza tena: "Na matunda yake huchuma nani?" Jibu litakupeleka kwa mtu wa pili, labda shangazi anayeishi Dar es Salaam ambaye hakuna aliyemwambia lolote. Mpigie simu kabla ya kibao kusimama.

Ukishajua wenyewe, fuata ngazi. Mwenyekiti wa mtaa au kitongoji na mtendaji wa kata wajue mapema, maana wao ndio watakaopigiwa simu likitokea la kutokea. Halmashauri ya wilaya, kwa ofisa misitu na ofisa utamaduni. Kaole iko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kwa hiyo huko huendi na kibao chako mfukoni, unaandika barua. Misheni ni ya Kanisa, na paroko ndiye wa kuanza naye. Kwa msikiti, kamati ya msikiti.

Makubaliano yawe ya maandishi, ukurasa mmoja, yenye mambo manne tu: nani anaruhusu, wageni wapite wapi na saa ngapi, nani anatunza njia, na mapato yanagawanywa vipi. Hilo la mwisho lisionewe aibu. Mwaka 2022 huko Kilifi mibuyu mikubwa iling'olewa mizima ili ipelekwe nchi ya Georgia, na wenye mashamba walikuwa wamelipwa kwa kuikubali. Kelele zilipopigwa, rais wa Kenya aliagiza uchunguzi. Mimi siwalaumu sana wale wenye mashamba. Mti uliokuwa unawapa mabuyu ya kuuza msimu mmoja ulipewa bei na mtu mmoja tu, yule aliyetaka kuung'oa. Kama njia yako inamfanya mwenye mkwaju auze juisi ya ukwaju kivulini, na mwenye mbuyu auze ubuyu na madafu, mti umepata mtetezi wa bure.

Ulinzi wa kisheria unawezekana pia. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inaziruhusu halmashauri kutunga sheria ndogo, na orodha ya miti ya njia yako, yenye vipimo na ramani, ni kiambatisho kizuri cha kuombea sheria ya namna hiyo. Usisubiri greda lifike. Nairobi, Novemba 2020, mkuyu wa takriban miaka mia moja kando ya Waiyaki Way uliponea kwa amri ya rais wakati barabara ya juu tayari inajengwa, baada ya wanaharakati kupiga kelele. Mti wenu huenda usipate rais.

Hatua ya sita: afya ya mti na njia ya mguu

Mwite mtu wa misitu atazame kila mti kabla hujamleta mgeni wa kwanza. Wewe mwenyewe unaweza kuona dalili za wazi: uyoga uliojipanga kwenye kitako cha shina, ufa mpya, udongo ulioinuka upande mmoja wa mti uliolala, tawi kubwa lisilo na jani wakati matawi mengine yamechipua. Kumbuka mbuyu hukaa bila majani muda mrefu wa kiangazi na ni mzima kabisa. Usiwaite watu wa msumeno. Mbuyu wa kutilia shaka ni ule wenye gome linalobonyea na kutoa harufu.

Hatari zenye kuumiza watu kweli ni za kawaida. Nyuki kwenye pango la mbuyu. Nazi. Vijana wanaorusha mawe kuangusha maembe kuanzia Novemba, bila kutazama nani anapita upande wa pili. Mbuyu wenye nyuki usimamishwe watu mbali, na uwaambie wasipige kelele wala kupuliza manukato.

Kwa mti wenyewe, adui mkubwa ni miguu. Watu mia wakisimama kila wiki kwenye mizizi, udongo hushindiliwa, maji na hewa havipenyi, na mti huanza kufa taratibu kuanzia kileleni, miaka mingi baada ya wewe kusahau. Uingereza, ambako wana miti mikongwe mingi na wanaifuatilia, wanashauri eneo lisilochimbwa wala kujengwa liwe angalau mara 15 ya kipenyo cha shina. Mbuyu wenye kipenyo cha mita 3 ungedai mita 45 kila upande, na katikati ya mji huwezi kuzipata. Fanya unaloweza: njia ipite upande mmoja tu, isizunguke, uweke majani makavu au taka za mnazi juu ya mizizi, na kamba fupi ya kuwaambia watu waishie hapa. Penye mbuyu kama wa Kaole, ambao kila mtu anauzunguka, weka tabaka nene la majani hayo na uliongeze kila linapoisha. Saruji marufuku. Benchi la kuzungushia shina, lile la saruji ambalo mafundi wetu wanalipenda mno, ni kitanzi.

Hatua ya saba: vibao

Usipigilie kitu kwenye mti. Hata msumari mmoja. Mnyororo wa punda ulikuwa ajali, si mfano.

Kibao kisimame kwenye nguzo yake, nje ya mizizi mikubwa. Bati na chuma huliwa na chumvi ya bahari, au hubebwa usiku kwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mbao laini ni chakula cha mchwa. Kilichodumu pwani ni nguzo fupi ya zege yenye uso uliolala kidogo, maandishi yakachongwa au kuchorwa na mchora mabango kwa rangi ya mafuta, na kurudiwa kila baada ya masika kama imepauka. Namba ya mti iwe kubwa kuliko maandishi mengine, ili mtu mwenye ramani aione kutoka mbali.

Kiswahili kitangulie, Kiingereza kifuate kwa herufi ndogo zaidi. Maneno yasizidi sitini. Hivi, kwa mfano:

"3. MBUYU WA MISHENI. Husemwa ulipandwa na mapadri waliofika mwaka 1868. Tafuta mnyororo kwenye gome, upande huu. Unasimuliwa kuwa wa punda wa Madame Chevalier, aliyefungwa hapa mnamo 1895. Mti umeufunika kwa kunenepa. Matunda yake ni mabuyu. Unga wake ndio ubuyu unaouzwa getini. Tafadhali usiuvute mnyororo wala kuandika jina lako."

Sentensi ya mwisho ni ya lazima. Mbuyu una gome laini na majina ya wapenzi hudumu humo kuliko mapenzi yao.

Ramani na wa kusimulia

Hili ni rahisi kuliko linavyoonekana. Ingiza miti kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni, ni bure na yeyote mwenye simu ataiona. Chora pia ramani ya mkono ya ukurasa mmoja, itolewe fotokopi na iachwe kwenye nyumba za wageni, stendi na shuleni.

Wasimuliaji wawe vijana wa hapo. Wafundishe miti yote, halafu kila mmoja aambiwe achague mitatu ya kuimiliki kwa maneno yake. Usiwakaririshe karatasi. Wafundishe pia kusema "hilo silijui, tumwulize mzee fulani," na kweli wampeleke mgeni kwa mzee. Bei ya matembezi iandikwe pale mwanzo wa njia, ya mwenyeji na ya mgeni, na wanafunzi wa shule za wilaya waingie bure. Bila wao njia itakuwa ya watalii tu, na mwaka ambao watalii hawaji itaota majani.

Baada ya uzinduzi

Ngoma, mgeni rasmi, pilau, sawa. Kazi inaanza wiki inayofuata. Mtu mmoja kwa kila miti mitatu, apite baada ya masika na baada ya vuli, atazame matawi, nguzo, nyuki, na apige picha akiwa amesimama mahali palepale. Mzingo upimwe tena kila mwaka.

Panda warithi. Miche ya mbuyu hatuioni kwa sababu mbuzi huila yote ikiwa na majani mawili. Chukua mbegu za mti wenyewe, zimwagie maji ya moto, ziache usiku kucha, ziatike kwenye viriba, na mche ukipandwa uzungushiwe miba au matofali kwa miaka ya mwanzo. Weka kumbukumbu kuwa huu ni mtoto wa mti namba ngapi.

Na jadilini mapema mti ukianguka. Mwembe au mvule ulioanguka ni mbao, na asubuhi hiyohiyo watatokea watu watano wenye msumeno, kila mmoja akidai ameruhusiwa. Iandikwe kwenye yale makubaliano ya ukurasa mmoja: mbao ni za mwenye mti, ila kipande cha shina cha kimo cha kifua kinabaki palepale, na kikundi kinapewa siku mbili za kupiga picha na kupima kabla ya kukata. Kwa mbuyu hamna mbao za kugombea. Ndani ni nyuzi tupu zenye maji, na huoza na kusambaratika upesi, kwa hiyo siku mbili hizo mzitumie vizuri. Kibao msikiondoe. Ongezeni mstari mmoja wa tarehe ulioanguka na mahali ulipopandwa mche wake.